Siri Chini ya Paa Moja

Mpenzi msomaji, je, umewahi kumpakulia mume wako chakula, ukamtazama anavyokula kimya, kisha ukajiuliza moyoni: huyu mtu ni nani hasa? Kama umewahi, usione haya. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na ambao kwa miaka mingi tumeketi na akina mama katika vikundi vya kanisani, tumelisikia swali hilo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wapo waliokaa katika ndoa miaka ishirini, wamezaa na kulea pamoja, na bado kuna mlango mmoja ndani ya nyumba ambao haujafunguliwa.

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitabu. Ni hadithi ya mapenzi iliyowekwa katika historia, yenye fumbo, hila na hatari ndani yake. Huenda mama mwingine atasema, “Hadithi za mapenzi ni za wasichana, sisi tuna watoto wa kuogesha.” Hata sisi tulisema hivyo. Kikundi chetu hukutana Alhamisi jioni, akina mama kumi na wawili au kumi na watatu, kila mmoja na ufumaji wake au mchele wake wa kuchambua. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na kitabu cha Kiingereza kilichochakaa na kutuambia kwamba atakisoma nyumbani, halafu kila Alhamisi atatusimulia sehemu moja kwa Kiswahili. Tulikubali kwa kumheshimu tu. Baada ya Alhamisi ya pili hakuna aliyechelewa tena.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Scarlet Pimpernel. Kilichapishwa Uingereza mwaka 1905, na jina lake ni la ua dogo jekundu linaloota kama magugu mashambani. Ua hilo hufunguka jua likiwaka na kujifunga wingu likitanda, hata wakulima wa Uingereza walilitumia kutabiri mvua. Likumbukeni ua hilo, maana ndoa inayosimuliwa humu inafanana nalo sana.

MAMA ALIYEANDIKA

Mwandishi ni mwanamke, Baroness Emmuska Orczy, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1865. Baba yake alikuwa kabaila mwenye mashamba na pia mtunzi wa muziki. Emmuska alipokuwa mtoto mdogo, wakulima waliokuwa wakiishi katika ardhi ile waliingiwa na hofu kwamba mashine mpya za shambani zingewanyang’anya riziki yao, wakayachoma moto mazao na majengo. Familia iliondoka. Walihamahama katika miji ya Ulaya, na hatimaye wakafika London. Msichana yule alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano alipoanza kujifunza Kiingereza. Hata hivyo, ni kwa lugha hiyo aliyojifunza akiwa mkubwa ndipo alipoandika vitabu vyake vyote vilivyompa jina.

Alisomea uchoraji, na huko chuoni akakutana na kijana mchoraji, Montague Barstow. Walioana mwaka 1894 na kupata mtoto mmoja wa kiume. Fedha hazikuwa nyingi. Mama huyu alianza kuandika hadithi za upelelezi kwenye magazeti ili kuongeza kipato cha nyumba, jambo ambalo kila mama aliyewahi kuuza maandazi ili kulipa ada atalielewa.

Alipoandika hadithi ya Scarlet Pimpernel, wachapishaji kadhaa waliikataa. Yeye na mumewe wakaigeuza kuwa mchezo wa kuigiza, ambao ulionyeshwa kwanza Nottingham mwaka 1903, kisha London mwaka 1905. Wahakiki wa magazeti waliukosoa, lakini watu wa kawaida walijaa ukumbini. Mwaka huohuo wa 1905 kitabu kikatoka, na tangu hapo hakijakosa wasomaji. Mwaka 1934 kilitengenezewa filamu, Leslie Howard akiwa mume na Merle Oberon akiwa mke. Hata wale mashujaa wa siku hizi wanaovaa vinyago, ambao watoto wetu huwatazama kwenye televisheni, wana deni kwa mama huyu. Zorro, aliyebuniwa mwaka 1919, anafuata nyayo zilezile: mchana mtu wa kuchekwa, usiku mwokozi wa wanyonge.

KISA CHENYEWE

Tunaomba radhi mapema kwa sababu hatuwezi kueleza tulichojifunza bila kufichua siri ya kitabu. Anayetaka kukisoma bila kuijua, akiweke chini gazeti hili na alirudie baadaye.

Tuko Paris, Septemba 1792. Mapinduzi yamepamba moto. Makabaila wanakamatwa na kupelekwa kwenye gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa. Malango ya mji yanalindwa, na mlinzi mmoja anajivunia kwamba hakuna kabaila awezaye kumpita. Jioni moja kikongwe anakuja na mkokoteni wake, anasema mjukuu wake aliyelala ndani ana ndui. Walinzi wote wanaruka nyuma. Mkokoteni unapita. Muda mfupi baadaye inajulikana kwamba ndani yake mlikuwa na mama wa kikabaila na watoto wake, na kikongwe yule alikuwa mwanamume, tena Mwingereza.

Sisi wauguzi tulitabasamu hapo. Chanjo ya ndui ilianza kwa kazi ya daktari Edward Jenner mwaka 1796, yaani miaka minne baada ya kisa hiki. Askari wale hawakuwa na kinga yoyote isipokuwa miguu yao. Leo ugonjwa huo haupo tena duniani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba umetokomezwa. Lakini hofu ya ugonjwa bado inafungua na kufunga milango ya watu, kama tutakavyoona mbele.

Mwokozi yule wa siri anaongoza kundi la wanaume ishirini: mmoja wa kuamuru na kumi na tisa wa kutii. Kila anapomwokoa mtu huacha karatasi yenye alama ya ua jekundu. Hakuna amjuaye. Uingereza nzima inamsifu, na Ufaransa inamtafuta.

Sasa njooni upande wa pili wa bahari. Marguerite ni Mfaransa aliyekuwa mwigizaji mashuhuri Paris. Ameolewa na Sir Percy Blakeney, mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza, mrefu, mtanashati, na kwa macho ya watu wote, mpumbavu. Kazi yake ni kusifia mishono ya makoti na kucheka hovyo. Hapo zamani alimpenda Marguerite kwa moyo wote. Sasa humwinamia kwa adabu kama mgeni na kwenda zake. Mke analia peke yake katika jumba kubwa, kisha hutoka mbele za watu akamfanyia mumewe mzaha.

Nini kiliharibika? Marguerite ana kaka mmoja, Armand, aliyemlea kama mzazi. Kaka huyo aliwahi kupigwa karibu ya kufa na watumishi wa kabaila mmoja kwa kuthubutu kumwandikia shairi binti wa nyumba ile. Baadaye Marguerite, akiwa na uchungu huo, alitamka maneno juu ya kabaila yule mbele ya watu wasiofaa. Maneno yakachukuliwa, na kabaila yule na familia yake wakauawa. Percy alipoipata habari ile mara tu baada ya harusi, alingoja mkewe ajieleze. Marguerite naye alingoja mumewe amwamini bila maelezo. Yeye alishikwa na kiburi, mumewe na jeraha. Wote wawili wakanyamaza.

Hapo anaingia Chauvelin, mjumbe wa serikali ya Ufaransa. Ana barua inayothibitisha kwamba Armand anamsaidia Scarlet Pimpernel. Anamwambia Marguerite: nisaidie kumjua mtu huyo, la sivyo kaka yako atakufa. Mama wa watu hana wa kumwendea. Mumewe, anavyomwona yeye, hana akili wala hamjali. Basi usiku, katika karamu kubwa ya dansi, anapata fununu kwamba Scarlet Pimpernel atakuwa katika chumba cha chakula saa saba ya usiku. Anampa Chauvelin habari hiyo. Chauvelin anakwenda na kumkuta mtu mmoja tu, Percy, amelala kochini anakoroma.

Alfajiri mume na mke wanarudi nyumbani Richmond. Bustanini, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, wanazungumza. Marguerite anamwomba amsaidie kumwokoa Armand, naye anaahidi. Lakini ile kazi aliyomfanyia Chauvelin usiku huo hamwambii. Naye Percy hasemi lolote juu ya siri yake. Mke anapanda ngazi kwenda ndani, na mume, akidhani hakuna amwonaye, anapiga magoti na kuzibusu ngazi zilizokanyagwa na miguu yake. Alhamisi ile tuliposimuliwa sehemu hii, mchele wote ulibaki bila kuchambuliwa.

Asubuhi Percy ameondoka. Marguerite anaingia katika chumba cha kazi cha mumewe, ambamo hajawahi kukaribishwa. Alitegemea fujo ya mtu mvivu. Anakuta meza iliyopangwa vizuri, hesabu zilizoandikwa kwa uangalifu na ramani za pwani ya Ufaransa. Sakafuni kuna pete ndogo ya dhahabu yenye muhuri, na juu ya muhuri kuna ua. Hapo ndipo anapoelewa: mtu aliyemsaliti kwa maadui ili kumwokoa kaka yake ni mume wake mwenyewe.

Yanayofuata ni mbio za kuvuka bahari, nyumba ya wageni huko Calais, pilipili iliyofichwa ndani ya ugoro, na kibanda cha mvuvi usiku wa mbalamwezi. Hayo tunawaachia mwasome wenyewe. Itoshe kusema kwamba Marguerite anatembea mpaka viatu vyake vinachanika na miguu inatoka damu ili kumwonya mumewe, na mwishoni mume, ingawa amepigwa na kuchoka, anambeba mikononi.

YALIYO KWELI NA YALIYOBUNIWA

Binti zetu hutuuliza, “Mama, mambo haya yalitokea kweli?” Hatuna budi kuwajibu sawasawa. Sir Percy, Marguerite na Armand wamebuniwa. Mapinduzi yenyewe ni ya kweli. Gilotini ilianza kutumika Paris Aprili 1792. Septemba mwaka huo wafungwa wengi waliuawa magerezani, na katika mwezi huohuo ufalme ukafutwa. Mfalme Louis wa 16 aliuawa Januari 1793, na malkia Marie Antoinette Oktoba 1793. Kipindi cha vitisho vikali kilikwisha Julai 1794, Robespierre alipoangushwa na yeye mwenyewe kupelekwa kwenye mashine ileile.

Chauvelin pia lilikuwa jina la mtu wa kweli, mwakilishi wa Ufaransa jijini London mwaka 1792, aliyefukuzwa Uingereza baada ya mfalme kuuawa. Jambo la kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa kabaila. Mwandishi alichukua jina na cheo, akamtungia tabia nyingine. Ndivyo waandishi wa hadithi za namna hii wanavyofanya: hupigilia misumari ya kweli ukutani, kisha hutundika juu yake nguo walizoshona wenyewe.

Lakini kuna upande ambao Baroness Orczy hakuueleza kwa haki. Katika kitabu chake maskini wa Paris ni kundi la watu wenye kiu ya damu tu. Hatusomi njaa iliyowatoa barabarani. Oktoba 1789 maelfu ya wanawake, wengi wao wachuuzi wa sokoni, walitembea kwenye mvua kutoka Paris hadi Versailles, mwendo wa kilomita kama ishirini, kudai mkate kwa mfalme. Hao walikuwa akina mama wenye watoto kama sisi. Mwandishi aliyeona mashamba ya baba yake yakichomwa moto aliyaangalia Mapinduzi kutoka dirishani kwa makabaila, na msomaji mwenye busara hukumbuka kwamba nyumba ina madirisha mengi.

Tena kuna doa lingine. Wayahudi wanatajwa humo kwa dharau kubwa, kama ilivyokuwa desturi mbaya ya watu wengi wa Ulaya wakati huo. Mwalimu wetu alisimama hapo, akatueleza waziwazi kwamba dharau kama hiyo, ikiachwa ikue, ndiyo iliyoandaa njia ya mauaji ya mamilioni ya Wayahudi katika Vita Kuu ya Pili. Ukimpa binti yako kitabu hiki, mwambie na hilo.

FUMBO LILILO WAZI

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa mafumbo. Wengi wetu tulimfahamu Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka mwaka 1960. Tulijifunza kwa Bwana Msa kwamba mwandishi hodari haifichi siri yake mbali. Huiweka mezani mbele yako, halafu hukufanya uangalie kwingine.

Baroness Orczy amefanya vivyo hivyo. Dalili zote zipo tangu mwanzo. Percy ni tajiri wa kutosha kununua merikebu. Hutoweka nyumbani mara kwa mara. Rafiki zake ni vijana walewale wanaoshukiwa kuwa wafuasi wa mwokozi. Kama Marguerite angepewa dalili hizo juu ya mwanamume mwingine, angelitegua fumbo kwa dakika tano, maana kitabu kinatuambia kwamba alihesabiwa kuwa mwanamke mwenye akili kuliko wote Ulaya. Hakuliona kwa sababu alikwisha kata shauri kwamba mumewe ni mpumbavu. Mtu akishatoa hukumu hatafuti tena ushahidi.

Sehemu hii ndiyo iliyotugusa, na hapa hatuna budi kuwasimulia jambo lililotokea miongoni mwetu. Wenyewe wametupa ruhusa, na mambo machache tumeyabadilisha ili wasitambulike.

PETE YA MWENZETU

Katika kikundi chetu alikuwepo mama mmoja mcheshi, ambaye kwa miezi kadhaa ucheshi wake ulikuwa umepungua. Siku moja alitueleza kwamba mumewe amebadilika. Hazungumzi. Kila baada ya wiki nne, Jumatano, huondoka alfajiri na kurudi saa nne, bila kusema alikokwenda. “Ana mtu,” alisema. “Nimemaliza kulia, sasa nangoja tu nimjue huyo mwanamke.”

Sisi tuliinamisha macho kwenye ufumaji wetu. Tulikuwa tunajua aendako. Alikuwa anakuja kliniki kwetu, kwenye foleni ya wagonjwa wa shinikizo la damu. Mara ya kwanza alipopimwa, vipimo vyake vilikuwa vya kutisha, alipopewa vidonge alituomba, “Sista, mke wangu asijue. Ana mizigo ya kutosha.” Tulimsihi amwambie, tena si mara moja. Alitikisa kichwa. Vidonge alivificha kazini, na siku za mapumziko hakunywa. Nyumbani alikula mboga yenye chumvi nyingi kama alivyozoea, kwa sababu kuikataa kungezua maswali.

Msomaji, fikiria hali yetu. Siri ya mgonjwa si mali ya muuguzi. Hatuwezi kuitoa hata kwa rafiki anayelia mbele yetu, hata kama neno moja lingemfuta machozi. Tukiivunja kwa huruma leo, kesho hakuna mgonjwa atakayetuambia ukweli. Na papo hapo tulijua kwamba shinikizo la damu haliombi ruhusa. Mtu mwenye vipimo vya 140 kwa 90 au zaidi kila anapopimwa anaweza asisikie maumivu yoyote kwa miaka, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo ikiharibika kimyakimya. Anayekunywa dawa leo na kuacha kesho yumo hatarini. Tulikuwa tunaliona kaburi linachimbwa kati ya watu wawili wanaopendana, na midomo yetu ilikuwa imefungwa.

Alhamisi ya ile pete ilipofika, mwalimu alisimulia Marguerite anavyoiokota na kuielewa. Kimya kikatanda. Kisha mwenzetu akasema polepole, “Mimi pia nimeokota kitu.” Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi ya vidonge aliyoikuta katika mfuko wa shati alipokuwa akifua. Akatugeukia. “Sista, hivi ni vya nini?”

Hatukumjibu. Tulimwambia, “Mpelekee mwenyewe. Muulize ukiwa umeketi, usimuulize ukiwa umesimama. Na kama wewe nawe una jambo, anza na lako.”

Uso wake ukabadilika. Tulikuwa tumesema vile kama mtu asemavyo shauri la kawaida, kumbe naye alikuwa na lake. Kama Marguerite, alikuwa na ndugu. Mdogo wake wa kiume alikopa fedha za biashara, naye dada akamdhamini kwa siri, akiweka cherehani yake na akiba ya ada za watoto. Biashara ilikufa. Miezi minane alikuwa analipa deni kidogokidogo kutoka fedha za matumizi, akimwambia mumewe kwamba bei zimepanda. Ile mizigo ambayo mume aliiona usoni pa mkewe na kutotaka kumwongezea ilikuwa hiyo, bila yeye kuijua.

Alitueleza baadaye jinsi usiku ule ulivyokwenda. Walipokwisha kula, watoto wamelala, aliketi, akaweka vidonge mezani, akasema, “Baba watoto, kabla hujanijibu juu ya hivi, nina neno la kukuambia.” Akamwambia yote juu ya deni. Mumewe alinyamaza muda mrefu. Aliondoka, akatoka nje, akakaa kizingitini. Mke alidhani ndoa imekwisha. Kisha akarudi, akasema, “Basi tumekuwa tukiogopana bure.” Naye akaeleza lake: baba yake alikufa kwa kiharusi, na alidhani mkewe akijua atamwona mtu aliyekwisha kufa.

Hatutawadanganya kwamba yote yalinyooka. Cherehani ilikwenda. Deni walilimaliza pamoja baada ya mwaka, na mtoto mmoja alihamia shule ya ada nafuu. Mume alikasirika kwa wiki kadhaa, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini Jumatano iliyofuata walikuja kliniki wawili. Mke aliuliza maswali kuliko mgonjwa: chumvi kiasi gani, vidonge saa ngapi, akisahau afanye nini. Miezi mitatu baadaye vipimo vya mume vilikuwa vimeshuka hadi mahali pa kutia moyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii mke alikitangulia kifo kwa hatua chache.

TUNAPOCHAGUA VITABU

Je, tunasema kila hadithi ya mapenzi ni dawa? La hasha. Zipo nyingi zinazomfundisha msichana kwamba mwanamume akiwa katili ndiyo dalili ya kupenda, au kwamba habari inakwisha siku ya harusi. Tunapopima hadithi ya mapenzi ya kihistoria, sisi huuliza mambo matatu. Kwanza, je, historia yake inaweza kuaminiwa, au mwandishi ametumia magauni marefu na farasi kwa mapambo tu? Pili, je, fumbo lake linatoka katika tabia za watu, au ni upanga na damu ili kurasa zijae? Tatu, je, mwanamke aliyemo anafikiri na kutenda, au anangoja kuokolewa?

Kitabu hiki kinapita katika maswali hayo, ingawa si bila makovu, kama tulivyoonyesha. Na uzuri wake mkubwa kwa mama aliyeolewa ni huu: hadithi inaanza baada ya harusi. Mume na mke tayari wana pete vidoleni. Wanachotafuta katika kurasa zote zile ni kufahamiana.

Kuna mama atakayesema, “Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji.” Tafuteni toleo lililofupishwa kwa Kiingereza chepesi, au mfanye kama sisi: mmoja asome, wengine wasikilize. Anayesoma hupata mazoezi ya lugha, na wanaosikiliza hupata neno la kuwafungulia vinywa. Mengine mtu hawezi kuyasema kwa jina lake mwenyewe, lakini huyasema kwa jina la Marguerite.

KABLA HATUJAFUNGA

Si kila siri ni ya kutolewa leo. Mke anayepigwa, au anayeishi na mtu wa kutisha, asikimbilie kufungua moyo mahali ambapo utakanyagwa. Atafute kwanza mtu mzima wa kuaminika na mahali pa usalama. Tunaowazungumzia hapa ni wale wanaopendana na bado wanaogopana.

Kama nyumba yako ni ya namna hiyo, chagua jioni moja mwezi huu. Watoto wakishalala, zima redio, weka simu mbali, uketi. Usianze na lake. Anza na lako, hata kama ni dogo: deni la dukani, hofu ya uvimbe uliousikia titini, machozi ya mwaka juzi. Na kama ni uvimbe, usingoje jioni ya pili. Njoo kliniki kesho yake asubuhi, tena njoo naye.

Lile ua jekundu la shambani hujifunga likiona wingu, na hakuna awezaye kulifungua kwa kucha bila kulichana. Hungoja jua. Katika nyumba nyingi tulizoingia, jua hilo lilikuwa ni mtu mmoja kukubali kusema kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kati ya Percy na Marguerite, nani alipaswa kusema kwanza? Kwa nini?
2. Je, ni haki mke kumsaidia ndugu yake kwa mali ya nyumba bila mume kujua? Na mume je?
3. Ni hukumu gani uliyokwisha kuitoa juu ya mwenzako, ambayo huenda inakuzuia kuziona dalili zilizo mbele yako?
4. Rafiki akikupa siri yake, utaitunzaje hata pale unapotamani sana kuitoa?